Dada yangu alikonda ili aishi, majirani wakamsema mpaka akaacha

Wakuu, habari za huko mliko.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha ukae. Majina nimebadilisha kwa heshima ya watoto, lakini mengine yote yametokea, na mengi niliyaona kwa macho yangu.

Mimi niko Bujumbura, naishi Nyakabiga, natengeneza redio na TV. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mtanivumilia.

Dada yangu mkubwa nitamwita Mama Divine. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, yeye ndiye aliyenilea. Aliolewa na fundi wa kujenga nyumba, Salvator, wakajenga kwenye kilima kilicho juu ya Gasenyi. Jiji linaishia pale. Ukitoka nyumbani kwao ni mihogo, maharage na migomba tu.

Zamani dada alikuwa analima. Baadaye akafungua meza kando ya njia, akawa anakaanga mandazi na ndagala, vile visamaki vyetu vya ziwani. Anakaa pale asubuhi mpaka jioni, mafuta mbele yake. Nyumbani ni ugali wa muhogo na mboga inayoogelea kwenye mawese, na chumvi kwa mkono, siyo kwa kijiko.

Akanenepa sana.

Na kwetu, wakuu, mwanamke akinenepa ni sifa. Mama mkwe wake alikuwa akimtembeza kwa wageni anasema, "Muone muke wa mutoto wangu, anakula vizuri." Salvator akitembea naye unaona kabisa kifua kimemtoka.

Siku moja akaanguka kanisani. Wakampeleka kituo cha afya, wakapima presha, nesi akapima tena kwa mkono mwingine kwa sababu hakuamini. Nilifika namkuta anamwambia maneno mazito bila kuzunguka: vidonge kila siku, usiache hata ukijisikia mzima. Chumvi punguza. Mawese punguza. Kaa kidogo, tembea sana.

Dada akamuuliza, "Nitembee niende wapi?"

Nesi akacheka. "Popote, mama. Utarudi."

Ninyi mliowahi kufika Buja mnajua, wikendi asubuhi watu hapa wanakimbia vikundi vikundi barabarani wanaimba. Tunaita sipoti. Lakini hiyo ni ya watu wa mjini. Kule kilimani mwanamke akivaa raba akatembea bila mzigo kichwani, watu wanauliza ameibiwa nini.

Dada yangu alitembea.

Mwanzo peke yake, halafu na jirani yake Mama Kelly, halafu wakawa kundi. Asubuhi kabla jua halijawa kali wanateremka mpaka barabara ya lami, wanapanda tena. Wanacheka njia nzima. Nyuma ya nyumba akapanda lengalenga, yaani mchicha, na biringanya kwenye magunia, akawa anawapa wenzake miche. Akawafundisha kuosha ndagala ili chumvi itoke, na kupika maharage kwa mafuta kidogo na nyanya nyingi. Hakuwa anahubiri. Anakuita tu ule, ukimaliza ndiyo anakwambia hapo hamna hata tone la mawese.

Siku moja nikaona mtu amesimama mlangoni kwenye karakana yangu, jasho linamtiririka, anacheka. Ni yeye. Ametoka Gasenyi mpaka Nyakabiga kwa miguu.

"Mudogo wangu, leta maji. Dada yako amekuwa mwanajeshi."

Sijawahi kumuona na furaha ile, hata siku ya harusi yake. Presha ilishuka. Nesi akawa anamtolea mfano kwa wagonjwa wengine.

Na mwili ukapungua. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kule kilimani mtu akikonda kuna maelezo mawili tu. Ama mumeo amefilisika, ama una ule ugonjwa. Hakuna la tatu. Halafu wifi yake mmoja akaona vidonge kwenye mkoba. Vidonge vya presha! Lakini yeye alikwenda kusema ameona "zile dawa", na kila aliyesikia akaelewa anachotaka kuelewa.

Kwanza wateja wakapungua mezani. Watu wanapita wanasalimia kwa mbali, wananunua mandazi kwa mwanamke wa ng'ambo ya njia. Halafu kundi la kutembea likaanza kupungua. Huyu mume amemkataza, yule ana wageni. Mwisho akabaki na Mama Kelly tu.

Mdogo wake Salvator akaoa, sherehe ikafanyika Kajaga, kwenye ukumbi wa ufukweni. Joto la siku ile! Wanaume tumelegeza tai, wanawake wanajipepea kwa kadi za mwaliko. Dada alivaa imvutano, lile vazi letu la sherehe la kujifunga begani. Nikaona anatokwa jasho kuliko wote, uso umebadilika. Nikamvuta pembeni.

"Una nini?"

Akafunua kidogo pale begani. Ndani alikuwa amevaa sweta mbili.

"Ili nionekane mutu," akasema.

Kabla sijamjibu, mama mkwe akatufikia. Akamshika dada mkono juu ya kiwiko, akaubinya kupitia zile sweta kama mtu anayepima ndizi sokoni. Akasema kwa sauti, wageni wanasikia:

"We Mama Divine, hii ni nini? Mutoto wangu anakunyima chakula? Ao uko na kitu unatuficha?"

"Apana, mama. Mi siko na kitu. Ni daktari alisema."

"Daktari gani anasema mutu akauke?"

Meza ya jirani wakacheka. Salvator alikuwa palepale, ameshika chupa yake. Aliangalia ziwa.

Wiki iliyofuata Salvator aliniita nyumbani kwake, nikajua ni kikao. Mama yake yupo, wifi yupo, dada amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nikazungumza kwa adabu. Nikasema twende wote kituo cha afya, nesi awaeleze presha ni kitu gani. Nikasema dada ameshapima damu na hana chochote, majibu yapo.

Salvator hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole kabisa:

"Shemeji, mi najua muke wangu siyo mugonjwa. Najua. Lakini nitembee na karatasi ya daktari kwenye kila kabare? Nikiingia kunywa, watu wananipisha kiti. Kazini wananiuliza nani atanizika. We unakaa Nyakabiga, unafunga mulango. Mi naishi hapa."

Mama yake akamalizia: sipoti basi, vidonge basi, na muke apikiwe kama muke wa watu.

Nikamgeukia dada. Nikamwambia mbele yao, "Njoo ukae kwangu hata mwezi mmoja, utembee, umeze dawa zako kwa amani."

Wifi akasema, "Si munaona? Anataka kumuficha."

Dada akatikisa kichwa. "Wacha, mudogo wangu. Nina watoto hapa."

Ikaisha hivyo.

Wakaanza kumlisha. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anakuja na sufuria: mihogo, nyama yenye mafuta, isombe, yaani kisamvu, ya mawese. Anakaa mpaka sahani iishe. Na nisiwe mnafiki, yule mama hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapika kwa upendo wote. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumweka.

Nilikuwa nikimpigia simu dada namuuliza vidonge. Mwanzo alisema anameza kwa kujificha. Baadaye akawa anabadilisha mazungumzo. Nikampelekea vingine mwenyewe, akavipokea, akaniuliza habari za mke wangu. Divine, binti yake mkubwa, aliniambia baadaye kwamba aliviona vimefukiwa chini ya magunia ya lengalenga. Lengalenga zenyewe zilikuwa zimeshakauka.

Mwili ukarudi. Wateja nao wakarudi. Mara ya mwisho nilipopanda kumsalimia nilimkuta mezani kwake, uso umejaa, miguu imevimba juu ya kandambili. Alikuwa anahema akiongea. Nikamwambia twende kupima, leo, sasa hivi, mimi nakusubiri.

Akasema, "Unajua leo nani amenisalimia kwa mukono?" Akanitajia majina ya wanawake, mmoja mmoja, na macho yake yanang'aa.

Niliteremka kile kilima nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Haikuchukua muda. Ilikuwa mchana, anageuza mandazi. Mteja mmoja akasema aliona mdomo wake umekwenda upande, akadhani anamtania. Halafu akaanguka upande wa kulia. Mungu alisaidia hakuangukia mafuta. Nilimkuta hospitali hawezi kusema. Jicho moja lilikuwa linanifuata kila nilipokwenda. Nilimshika ule mkono uliokuwa bado na uhai, naye akanishika kwa nguvu sana.

Siku chache tu, akaondoka.

Msibani walijaa watu. Kilima kizima. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasikia wanawake nyuma yangu wanazungumza na mama mkwe, naye analia kwelikweli, machozi ya kweli. Anasema:

"Na alikuwa ameshapona! Mulimuona. Mwili ulikuwa umerudi wote."

Wakaitikia, "Kweli, alikuwa amependeza."

Niliinuka nikatoka nje ya ua. Salvator alinifuata. Tukasimama pale tunaangalia mihogo ya jirani. Mwisho akasema, "Shemeji, unadhani nilikuwa nataka hivi?" Nikamjibu apana. Nilikuwa namaanisha. Lakini tangu siku ile sijaweza kula nyumbani kwake.

Niwape na hili la mwisho. Juzi nilipanda kuwaona watoto, asubuhi mapema. Njiani nikapishana na Mama Kelly anateremka kwa kasi, jembe begani. Nikamsalimia, nikamuuliza anakwenda shamba gani, maana shamba lake najua liko juu, siyo chini.

Akasimama. Akaangalia nyuma kwanza.

"Siendi shamba," akasema. "Natembea. Nikibeba jembe hawaniulizi."

Akaendelea kuteremka.

Nilichojifunza, wakuu: tunapokwenda vijijini kuwaambia watu wale mboga na wafanye mazoezi, tunazungumza na mgonjwa peke yake, tunamwacha arudi kwa watu ambao hatukuwaambia chochote. Ongea na mume. Ongea na mama mkwe. Na ukikutana na mtu amepungua, usimuulize ana nini. Mwambie amependeza, uone itakavyomsaidia kuvumilia.

Karibuni mchangie. Waliopitia haya wakashinda, tafadhali andikeni mlifanyaje. Divine naye sasa ameambiwa ana presha, na bado anaishi kwenye kilima kilekile, na bibi yake bado anapika.