Dahlia za Bi Rosel na Theluthi ya Mwenyekiti

Bi Rosel Tanneberg alikuwa na kiburi cha aina moja tu, nacho kilikuwa chekundu. Katika chama chetu cha bustani pale kando ya reli, Leipzig, kila mtu alilima karoti, figili na maharagwe. Yeye alilima dahlia. Tangu mumewe Gerold azikwe, maua yalikuwa yamemeza tuta la vitunguu, yakafuata la kabichi, yakafika hadi mlangoni mwa kibanda. Naye akayaachia.

Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka tukapata mwenyekiti mpya, Bwana Siegmar Kluge, aliyekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Kazi ilikuwa imemwacha, yeye hakuiacha. Alizunguka na futi yake ya chuma akipima bustani za watu, na ole wako ukizidi. Mwezi wa nne akasimama langoni kwa Bi Rosel.

"Bi Tanneberg, kanuni ni kanuni. Theluthi ya bustani iwe mboga au matunda. Wewe hapa una nini cha kula?"

"Nina keki, Mwenyekiti. Karibu."

"Mimi sitanii. Ukaguzi ni Oktoba. Nisipoona theluthi yangu, mkataba wako ndiyo basi tena. Watu kibao wanasubiri bustani."

Nyumbani Bi Rosel alikuwa na vyumba viwili ghorofani na dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda. Akinyang'anywa bustani, angebaki kutazama matofali mpaka siku ya kuzikwa. Aliogopa, tena sana, ila Kluge asingeiona hofu hiyo hata kwa darubini.

Siku za Watakatifu wa Barafu, zile za baridi ya mwisho, zilipopita katikati ya Mei, maana kabla yake hakuna mwenye akili zake anayetoa mche nje, alizika mizizi ya dahlia zake zote. Kisha akapanda mistari mitatu ya saladi. Jirani yake Traudel akapiga makofi kutoka upande wa pili wa njia.

"Hatimaye umetubu, mwenzangu!"

"Nimetubu nini? Hii ni ya konokono. Wakishiba saladi, hawatagusa dahlia zangu."

"Na ukaguzi je?"

"Oktoba ni mbali."

Juni ikaleta mvua, na mvua ikaleta konokono, wale wasiobeba nyumba. Walimaliza saladi kwa siku mbili wakaanza kuziangalia dahlia kwa jicho la husuda. Basi kila jioni Bi Rosel aliwaokota kwenye kopo na kuwarusha juu ya ugo, upande wa bustani ya Kluge. Kwenye mkutano wa chama mwenyekiti alilalamika karibu alie: maharagwe yake yamekwisha, hajui konokono wanatoka wapi mwaka huu. Bi Rosel akatikisa kichwa kwa huruma nyingi mno, hata Traudel akalazimika kutoka nje.

Agosti dahlia zikafunguka, nyekundu, kila moja ukubwa wa sahani. Watu walisimama ugoni wakasahau walikokuwa wakienda. Lakini kalenda haikusimama. Septemba Traudel akaja ananong'ona.

"Nikuazime kabichi? Tunazichomeka tu ardhini, nani atajua?"

"Kabichi ya kuazima, Traudel? Na mvi zote hizi? Hata mimi nina aibu yangu."

Jalidi ya kwanza, ule umande wa barafu, ikaanguka Oktoba, na kulipopambazuka maua yote yalikuwa meusi. Bi Rosel akachimba tuta moja. Kila mwaka mizizi hiyo ililala kwenye mchanga huko chini ya nyumba, isiuawe na baridi, mpaka Mei. Safari hii aliiosha, akachukua kisu. Mzizi wa kwanza aliuomba msamaha kwa sauti kabla ya kuumenya. Kisha akachemsha, akakata slesi, akatia kitunguu, siki, haradali na supu ya moto, kama saladi ya viazi ya kwao.

Siku ya ukaguzi Kluge alikuta meza imeandaliwa, Traudel ameketi na chai yake, na soseji zinafuka moshi.

"Nipo kazini," alisema, huku macho yakiwa mezani.

"Na tumbo nalo lipo kazini? Kaa bwana, upoze njaa."

Alikaa. Alikula. Akaongezwa, akala.

"Hivi viazi ni vitamu," akasema. "Vya wapi?"

"Vya pale." Bi Rosel akaelekeza uma kwenye mabua meusi.

Traudel akapaliwa na chai. Kluge akageuka taratibu.

"Umenilisha maua?"

"Nimekulisha mboga, Mwenyekiti. Sahani mbili, na shahidi huyu hapa. Sasa toa futi yako upime. Theluthi yako ipo, na nyongeza juu."

Wanawake wote wawili walijiandaa kwa ngurumo. Kluge hakunguruma. Alichoma kipande cha mwisho, akakitafuna polepole sana.

"Mama alituambia ni viazi," akasema. "Ile baridi ya njaa, baada ya vita. Tulikuwa watoto wanne. Mimi kiangazi kizima nilikaa najiuliza kwa nini mlangoni kwetu hakuna maua tena."

Bi Rosel akaweka uma wake mezani. Mwenye njaa hana miiko. Naye alijulia wapi kwamba dahlia huliwa, kama si kwenye sufuria ya mama yake mwaka uleule?

Wakapima pamoja, Bi Rosel ameshika ncha moja ya futi. Kluge akaandika: mboga, zinatosha. Alipofika langoni Bi Rosel akamfuata na mzizi mnono kuliko yote, bado una udongo.

"Huu usiule, Siegmar," akamwambia. "Ni wa mlangoni kwenu."

Mwenyekiti akaupokea kwa mikono miwili, na futi ikamdondoka njiani.