Kadi Niliyoifunga Nikaficha Jambo Moja

Siku ile tulikuwa wanne sebuleni kwangu, hapa ughaibuni, mtaa wa Malvern, ghorofa ya tisa. Nilikuwepo mimi Mwanaidi. Alikuwepo mjukuu wangu Rehema, binti wa mwanangu Hamisi, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza mpaka mambo yawe mazito. Alikuwepo Bi Tunu binti Salehe wa Pangani, ambaye si ndugu yangu wa damu, ila mlango wake unatazamana na wangu miaka mingi, na kwa kuwa amenizidi miaka sita namwita dada, naye hunigombeza kama dada. Na alikuwepo Mama Njoki, Mkenya, muuguzi, ambaye chumba chake kinapakana na cha Bi Tunu. Alikuja kunirudishia bakuli akakalishwa kwa chai, maana kwangu mtu harudishi bakuli akaondoka hivi hivi.

Nawataja wote, mwanangu unayenisoma, kwa sababu kosa langu lilitokana na waliokuwepo. Bi Tunu angekuwa kwake saa ile, nisingelifanya.

Nilikuwa bado kijana, wa miaka sitini na tisa. Rehema alikuja kunisaidia kufunga kadi yangu ya mkopo, ile ya buluu iliyonitoza ada kila mwaka kwa kukaa tu mkobani. Nilikuwa na nyingine isiyo na ada. Mimi nilidhani kufunga kadi ni kupiga simu benki kisha kuikata kwa mkasi, na mkasi nilikuwa nimeshauweka mezani. Rehema akausogeza pembeni. Akasema kwanza tuandike wote wanaochukua hela humo kila mwezi wenyewe bila kuniuliza, kwa sababu benki ikifunga kadi haiendi kuwaambia. Kila mmoja lazima aambiwe na mwenye kadi.

Basi tukaandika. Kampuni ya simu. Intaneti. Bima ya vitu vya nyumbani. Tukamkuta na mmoja aliyekuwa akichukua mara moja kwa mwaka kwa ajili ya kulinda kompyuta ambayo Hamisi alishaitupa. Mama Njoki alicheka mpaka chai ikampalia. Akasema mimi ni tajiri, nailinda kompyuta iliyo jalalani.

Rehema akataka tufungue taarifa za kadi za mwaka mzima, tuzipitie mstari kwa mstari. Nikakataa. Nikamwambia mimi sisahau kitu, nimeshika kichwani majina ya watu wote niliosoma nao mpaka darasa la nne, sembuse kampuni chache.

"Kuna kingine, Bibi?"

Nikasema hakuna. Na Bi Tunu ameketi pale, anachovya mkate kwenye chai, na shingoni amevaa kitufe.

Nikueleze kitufe. Ni kidude cheupe kama kifungo cha koti. Mzee akianguka anakibonyeza, na kisanduku kilicho ukutani kinamsemesha, kinamuuliza ana nini, kisha wanaita msaada. Bi Tunu anaishi peke yake na kizunguzungu alikuwa nacho. Pensheni yake ndogo, na kupokea cha mtu hajui. Kwa hiyo miaka mitatu kabla ya siku ile nilimwambia kwamba serikali inawapa wazee bure. Kumbe nalipa mimi, kwa ile kadi ya buluu. Nilitaka iwe sadaka yangu ya siri, tuijue mimi na Mungu. Sasa ningeitajaje mbele yake?

Nikajiambia kesho nitapiga simu mwenyewe, niwape namba ya kadi mpya. Kesho yake nikapiga kweli. Wakaniwekea muziki. Nikangoja, nikangoja, na Kiingereza changu cha simu unakijua, nikakata. Nikasema watu hawa tumejuana miaka mitatu, hata mwezi mmoja ukipita watanivumilia, kama mwenye duka la kwetu Korogwe. Wiki ile ile Rehema akaifunga kadi, mkasi nao ukafanya kazi yake.

Ndipo simu ikaanza kulia kutoka namba nisiyoijua. Na Rehema huyo huyo alikuwa amenifunza kwamba namba usiyoijua usipokee, ni matapeli. Nikatii. Nilijisifu hata mbele ya Mama Njoki kwamba kuna tapeli ananihangaikia na hanipati. Mwanangu, kumbe ni wale wa kitufe, wanataka kuniambia malipo hayapiti.

Asubuhi moja ya Februari, Bi Tunu akateleza jikoni kwake. Mkono ukavunjika kwenye kifundo, na kuinuka hawezi. Akabonyeza kitufe. Kisanduku kikanyamaza. Akabonyeza tena na tena. Kilichomwokoa ni mwiko uliokuwa umeanguka naye: akaushika kwa mkono mzima, akawa anagonga nao mlango wa jiko. Mama Njoki alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, anavua viatu, akasikia ng'ambo ya ukuta panapigwa ngoma. Akafikiri Bi Tunu ana wageni wa harusi. Halafu akafikiri vizuri, akakimbia kuja kwangu kuchukua ufunguo wa akiba wa Bi Tunu.

Aliporudi kwake kutoka hospitali na mkono kwenye plasta, Bi Tunu alikuwa na hasira na serikali. Akamwita Rehema ampigie simu mtu wa jiji, awashtaki kwa kugawa vitu vibovu. Nilikuwa nimekaa pale pale. Ningeweza kusema. Nikamwangalia Rehema anapiga, anaambiwa jiji halijawahi kugawa vitufe, anakitoa kisanduku ukutani na kusoma jina la kampuni nyuma yake, anawapigia hao. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, na Kiswahili kikamtoka.

"Bibi, jina la mlipaji ni lako."

Bi Tunu akakivua kile kitufe kwa mkono wake mmoja, akakiweka mezani mbele yangu.

"Miaka mitatu nimeishukuru serikali," akasema. "Nimeiombea dua. Na wewe unakaa hapo unakunywa chai yangu."

"Ungekataa, dada."

"Ningekataa. Kisha ungenibembeleza, ningekubali. Nusu saa tu, Mwanaidi. Mimi sakafuni nimekaa saa nzima na zaidi."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, halafu akaniambia nikimaliza nimsukie nywele maana mkono haufanyi kazi. Nilipofika nusu ya kichwa akasema kitufe atavaa, ila jina liwe lake, na nusu atalipa yeye. Rehema akaandikisha upya, sote tukisikia.

Sasa, mwanangu, unayetaka kufunga kadi, nisikilize. Usianze na benki, anza na wanaokula humo. Fungua taarifa za mwaka mzima hata kama unajiona una kichwa kizuri, kwa sababu wengine hula mara moja tu kwa mwaka. Kila mmoja mpe kadi mpya, au mwambie basi, na akikubali aandike. Ngoja uone kwa macho yako amekata kwenye mpya, ndipo uifunge ya zamani, ikiwa haina deni hata senti. Waombe benki barua kwamba imefungwa. Na mwezi unaofuata chungulia tena, maana kuna wanaoweza kurudi kugonga mlango uliofungwa na deni likawa juu yako. Na kama kuna unachomlipia mtu kwa siri, mwambie japo mtu mmoja. Mungu anajua, ndiyo, lakini si Yeye atakayepiga simu kampuni kubadili kadi.

Mungu akupe mikono ya kutoa na ulimi wa kusema ulichotoa pale inapobidi. Akupe jirani mwenye masikio kama ya Mama Njoki. Akuzeeshe ukiwa na wa kukugombeza.

Haya nitamsomea Bi Tunu kesho kabla sijayatuma, yote, na pale niliposema kwamba nililia. Akisema sivyo ilivyokuwa, nitabadili. Nawe Rehema, na Mama Njoki, kama nimekosea siku au neno la mtu, nisahihisheni. Wakati huu sifichi.