Nusu ya Shamba Gani?

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule Matiri, mwanangu, nilipompa binti mmoja chaki ajumlishe nusu na theluthi ubaoni, naye akaandika mbili ya tano bila kusita. Aliitwa Skola, wa Darasa la Tano, mtoto mpole anayekusikiliza mpaka unajisikia mtu wa maana. Akarudi kwenye dawati lake ameridhika kabisa. Mimi nikasikia damu inanipanda kichwani, kwa sababu mada ya sehemu ndiyo tuliyokuwa nayo tangu wiki iliyopita.

"Nani amekufundisha upuuzi huu?" nikamuuliza.

Akasimama kwa adabu zake zote. "Mwalimu Kapinga, mwalimu."

Kapinga ndiye aliyekuwa anafundisha hesabu Darasa la Nne. Kijana kama mimi wakati huo, mwenyeji wa milima ile ya Wamatengo, suruali yake imenyooka pasi hata siku ya matope. Kwa bahati mbaya alikuwa anapita barazani. Nikamwita dirishani, naye akaniambia alichofundisha ni sahihi, na kama mtoto ameharibika, basi ameharibikia kwangu. Sikunyamaza. Sisi watu wa ziwani hatukuzaliwa kunyamaza. Tukarushiana maneno mbele ya darasa zima, mpaka Mwalimu Ndunguru, mzee wetu wa Darasa la Sita, akatoka mlangoni kwake akasema kwa sauti ya chini, "Watoto wanawasikia." Kila mmoja akarudi kwake amevimba kama andazi.

Lakini aliyeumia pale si mimi wala Kapinga. Baba yake Skola alikwisha tamka mbele ya mwalimu mkuu kwamba binti huyu hesabu hazimwingii, na kwamba akianguka tena mtihani wa nusu muhula, atampeleka Kitai kwa shangazi yake akaoshe vyombo katika mgahawa wa pale mabasi yanaposimama. Mtihani haukuwa mbali. Siku ile nilimwona ameinamisha kichwa juu ya dawati, na nikajua ameshaanza kuyaamini maneno ya baba yake. Liliniuma sana jambo lile.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu ya simu yako ya jana. Baada ya shikamoo na habari za shule yako ya Mpepai, ulinipa habari njema kwamba umeteuliwa kuongoza walimu wenzako wa hisabati, mpange pamoja mada ya sehemu. Nikafurahi. Kisha ukasema mmekwisha gawana: huyu aandike utangulizi, yule kujumlisha, mwingine mafumbo, halafu kila kipande kirushwe kwenye kundi la simu, wewe uviunganishe, kazi kwisha. Hapo mawazo yakanihama, ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa namkumbuka Skola.

Maana hata sisi mwalimu mkuu alitutaka tupange pamoja mada hiyohiyo, kuanzia Darasa la Nne mpaka la Sita. Nasi tukaigawana kama nyama ya Krismasi. Kapinga akachukua pande lake, mimi langu, Mzee Ndunguru lake, kila mtu akaandika azimio la kazi nyumbani kwake. Tulipoyashona pamoja yalipendeza, na mwalimu mkuu akatusifu. Ila hakuna kati yetu aliyejua mwenzake anasema nini akiwa mbele ya ubao.

Jumamosi ya wiki ile Mzee Ndunguru akatualika kwake jioni, sote wawili. Wamatengo wana desturi waiitayo sengu: ukoo mzima hukusanyika nyumbani kwa mkubwa wao, kila kaya inaleta chungu chake, wanakula pamoja na kuzungumza mambo ya mashamba na ya watoto. Mimi Mnyasa nilikuwa sijawahi kukaa katika sengu. Nilijua tu kwamba mtu haendi mikono mitupu, nikapika usipa, dagaa wetu wa ziwani, walioletwa na ndugu zangu kutoka Liuli. Nikawapika kwa majivuno.

Vyungu vikafunuliwa vyote. Maharage, kisamvu, kuku wa mtu fulani, na usipa wangu. Kila mkono ukapita katika kila chungu. Mama mzazi wa Ndunguru, bibi mwenye miaka yake, akaonja, akanitazama usoni akasema, "Mwanangu, chumvi umeizidisha." Mbele ya watu wote! Uso ukaniwaka. Nikatafuta pa kuuficha sikupaona. Lakini bibi yule akaongeza tonge la pili, na la tatu, na wakwe zake wakanieleza jinsi ya kuwaloweka usipa kabla ya kuwakaanga, nikawaeleza sisi tunavyowaanika, na chungu changu kikaisha kabla ya kile cha kuku.

Ndipo Ndunguru akatugeukia mimi na Kapinga. Alikuwa si mtu wa hotuba.

"Mmeona? Hapa tunasema chungu, hatumsemi mpishi. Nyinyi kule shuleni kila mtu amepika kwake, amefunika chungu chake. Leo mtoto anaumwa tumbo, mnaulizana nani kamlisha."

Kapinga akajaribu kucheka. "Lakini mzee, kazi tuligawana sawasawa."

"Kugawana mliweza. Kuonja je?"

Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumejifunika gubigubi.

Jumatatu baada ya masomo tukakaa katika Darasa la Sita lililokwisha toka, ubao umefutwa. Mzee hakutuuliza tumeandika nini. Akaandika nusu jumlisha theluthi, akatuambia kila mmoja aonyeshe anavyowafundisha watoto, nasi wengine tukae kwenye madawati tuwe watoto. Ukitaka kujua mtu mzima anavyoogopa, mwanangu, mpe chaki mbele ya wenzake wawili wanaolijua somo lake.

Kapinga akatangulia. Yeye alifundishia matunda ya kahawa, jambo zuri kabisa katika nchi ya kahawa. Akaweka mezani mafungu mawili. Fungu la kwanza matunda mawili, moja jekundu: nusu. Fungu la pili matunda matatu, moja jekundu: theluthi. Akayachanganya kwa kiganja. Mekundu mawili katika matano. Akasimama akayatazama, kisha akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mbili ya tano," akasema. "Kumbe yule binti alinisikiliza kuliko wote!"

Sikupata nafasi ya kumcheka, maana zamu yangu ilifika. Nikatafuta kigawe kidogo cha shirika, nikazidisha juu na chini, nikapata tano ya sita, nikageuka kwa kishindo. Mzee akauliza, kama mtoto, "Mwalimu, kwa nini asili, hizi namba za chini, ziwe sawa kwanza?" Nikasema ndiyo kanuni. Akauliza tena, "Kwa nini ndiyo kanuni?" Nilikuwa na cheti cha ualimu, mwanangu, na alama nzuri, na pale nikabaki kupangusa chaki vidoleni. Naye mzee akakiri kwamba kila mwaka watoto wakimfikia na makosa yaleyale, yeye hulalamika chumba cha walimu kisha hufundisha upya peke yake, bila kuuliza yametokea wapi.

Baada ya hapo kazi ikawa tamu. Tukaacha kuulizana nani amekosea, tukaanza kuulizana mtoto ataona nini. Kapinga ndiye aliyelitoa swali lililotukomboa: nusu ya nini? Nusu ya fungu hili na theluthi ya fungu lile haziwezi kujumlishwa, kwa kuwa kitu kizima si kimoja. Tukachora shamba la pembe nne. Shamba moja. Nusu yake mahindi, theluthi yake maharage. Ligawe sehemu mbili kwa huku, tatu kwa kule, vinatoka vipande sita vilivyo sawa, vitatu vya mahindi na viwili vya maharage, na ile kanuni yangu ikaonekana kwa macho. Tukakubaliana kwamba kuanzia Darasa la Nne mpaka la Sita mtoto ataulizwa swali lilelile, "Nusu ya shamba gani?", kwa mchoro uleule. Matunda ya kahawa hatukuyatupa. Tukayawekea mahali pake, kwenye uwiano, mbele ya safari.

Kisha tukapanga Kapinga afundishe darasani kwangu, sisi wawili tukae nyuma tukiwatazama watoto, si mwalimu. Nikakaa karibu na Skola. Akachora shamba lake, akalikata nusu, akakwama. Mkono ulikuwa unaniwasha kumwonyesha, lakini tulikwisha kubaliana kutogusa. Akafuta. Akakata tena kwa upande wa pili. Akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Kapinga, kwa ujanja, akaandika ubaoni mbili ya tano, akauliza nani anaikubali. Mikono mingi ikanyooka. Wa Skola haukuwamo.

"Haiwezekani, mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Hiyo ni ndogo kuliko nusu. Na mimi nusu peke yake ninayo tayari, ya mahindi."

Katika karatasi zote nilizojaza wino, hoja ile haikuwamo. Ameitoa mtoto mwenyewe kichwani mwake. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki, kwa sababu nilikuwa nalia.

Mtihani ulipokuja, alifaulu. Baba yake akaja shuleni na mkungu wa ndizi, akasema labda shangazi atafute mwosha vyombo mwingine. Nasi tukaendelea hivyo, mada baada ya mada, na kila mara chungu cha mtu kilizidi chumvi akaambiwa, na hakuna aliyekufa.

Sasa sikia neno langu. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hata vidole vitano havivunji kama kila kimoja kiko mfukoni mwake. Simu si mbaya, itumie. Ila kabla ya kurusha kitu, kaeni mahali pamoja mlitatue swali kwa mikono yenu, kila mtu kwa njia yake, hata kama ni swali la watoto wadogo. Kubalianeni maneno na michoro ambayo mtoto atakutana nayo kila darasa. Kosa la mtoto liulizeni limepita wapi, kabla hamjamuuliza nani amemfundisha. Nendeni mkakae darasani kwa mwenzenu, na wewe kiongozi uwe wa kwanza kufunguliwa chungu, tena ufurahi ukiambiwa. Ukianza kwa kuwakosoa wenzako watafunika, na nitawaelewa.

Na usichelewe. Huko kwako Mpepai yuko mtoto wiki hii anayefuata kwa uaminifu kila mlichomwambia, na kwa sababu hamjazungumza nyinyi kwa nyinyi, anadhani hana akili. Mungu akujalie umwone mapema, mwanangu, akupe wenzako wa kweli na moyo wa kuambiwa. Nenda, nimekubariki.