Mwanzi wa Kupimia Tangi

Mjukuu wangu, kuna siku moja ya masika ambayo sijaisahau, na nitakusimulia hata yale yanayonitia aibu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dereva wa lori pale Iringa. Geji ya mafuta ilishakufa, kwa hiyo tangi tulilipima kwa mwanzi. Mwanzi wangu alinichongea Mzee Ambakisye, dereva mkongwe wa kutoka Mbeya. Petroli ikifika alama ya chini, unakwenda Ilula na kurudi; ikifika ya juu, unalala Mbeya.

Mvua zikakata barabara, petroli ikaadimika. Tukaanza kuichanganya na spiriti, ile ya kuwashia taa za karabai. Kwa safari za mjini lori liliunguruma vizuri tu. Mzee Ambakisye akanionya nibebe debe la akiba, maana mchanganyiko ule huliwa upesi kuliko petroli tupu. Nikamcheka. Nilidhani anaogopa vitu vipya, si unaujua ujana.

Ndipo ikaja habari kwamba dada yangu yuko Ilula, ana uchungu tangu jana yake, na mkunga ameshindwa. Nikatumbukiza mwanzi, ukalowa hadi alama ya chini, nikaondoka. Kumchukua nilimchukua. Lakini wakati wa kurudi lori lilizima Ipogolo, chini ya mlima, na hospitali iko juu mjini. Tangi kavu. Dada akaniuliza kama tumefika. Nililia mbele ya watu, mjukuu wangu.

Wakulima wa pale waliacha majembe, wakafunga machela ya mablanketi, tukampandisha kwa kupokezana mpaka wodini.

Mzee Ambakisye alinikuta nje. Hakufoka.

"Mwanzi haujakudanganya," alisema. "Umeuuliza habari za petroli, na wewe petroli hukuwa nayo."

Petroli ilipopatikana tulijaribu: alama ile ile ya chini, lori lile lile, mzigo ule ule, njia ile ile. Petroli tupu ilitupeleka Ilula na kuturudisha. Mchanganyiko ulituacha Ipogolo tena. Tukachonga alama mpya upande wa pili wa mwanzi, juu kidogo ya zile za zamani, na tangu hapo nilifika Mbeya kwa spiriti ile ile bila kukwama.

Basi kitu kipya usikikatae, ila usikipime kwa alama za kitu kingine. Kijaribu siku ambayo hakuna roho inayokutegemea. Na mkubwa akikuonya, muulize sababu kabla hujamcheka.

Dada alijifungua salama, na mtoto aliyezaliwa siku ile ni mama yako. Mwanzi ndio huu, uchukue. Mungu akufikishe kila uendako, na akurudishe.