Niliitwa mwizi wa mafuta hapa Muscat, kumbe viazi vilikuwa vinalala na samaki

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Nina hasira, na nimeona bora niziandike kuliko kwenda kumpigia mtu kelele. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na pale nilipochemka mimi nitasema nilichemka. Majina nimebadilisha, maana Waswahili wa Muscat tunajuana.

Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa nne sasa niko Oman. Nakaanga chips na samaki kwenye duka la fish and chips hapa Bawshar. Huku ni majumba makubwa na magari tu. Mtu nyumba yake unaiona kwa macho pale ng'ambo, lakini atakuja na gari, apige honi, apelekewe oda dirishani.

Bosi wangu ni Bi Salma, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Mama mtaratibu, Kiswahili chake cha Unguja kitupu. Ana kaka yake, Bwana Nassor, mstaafu wa serikali, yeye ndiye anafanya manunuzi.

Sasa huyu Bwana Nassor anajua kila kitu. Hakuna siku niliwahi kumsikia akisema "hilo silijui."

Kazi hii nilitafutiwa na mjomba wangu, mjomba Shabani. Ana karai lake la chips Tanga miaka na miaka, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifundisha kukaanga. Anafahamiana na ndugu wa Bi Salma, akawaambia huyu kijana ni wa mkononi mwangu, mchukueni. Shikeni hapo, maana ndipo kwenye kidonda changu.

Tuendelee.

Kipindi cha baridi mambo yalikuwa safi. Bwana Nassor alikuwa anapita soko la mboga pale Mawaleh kila baada ya siku mbili tatu, analeta viazi vichache, vinakaa stoo ya nyuma, vinaisha. Chips zinatoka rangi ya dhahabu, nje kavu, ndani unga. Watu wanatoka mpaka Seeb kuja kula.

Kuna wiki chache tulisumbuka na viazi vya Misri vya msimu mpya. Ganda laini, ukilisugua kwa kidole linatoka. Vile vina maji mengi, chips inalegea kama mlenda. Lakini hilo nililimaliza kwa ndoo ya maji ya chumvi niliyofundishwa na mjomba. Kiazi kikizama ni kizito, kina unga, kaanga. Kikielea kina maji, hicho peleka kwenye mchuzi.

Mjomba alikuwa anasema chips ikiharibika usikimbilie kulaumu mafuta, anza kukiuliza kiazi.

Basi soko likahama Mawaleh, likapelekwa mbali huko njia ya Barka. Na joto nalo likaingia. Asiyelijua joto la Muscat asinibishie, stoo yetu ya nyuma mchana unaingia unatoka umelowa shati.

Bwana Nassor akasema yeye hawezi kwenda Barka kila siku mbili. Akanunua magunia mengi kwa mpigo. Yakaanza kuoza na kuchipua. Akapiga hesabu zake kichwani, akatoa amri: viazi vyote viingie kwenye friji la samaki. Ni lile friji kubwa la kuingia mtu mzima, tunaweka nguru na changu.

Wakuu, hapa nilichemka. Niliona ni akili kubwa! Viazi vikavu, vigumu, haviozi. Nilibeba yale magunia kwa mgongo wangu mwenyewe na nikamsifia.

Gunia moja lilikosa nafasi. Nikalisukuma chini ya kaunta, karibu na AC, tukawa tunalikalia mchana wateja wakipungua.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili chips zikaanza kuwa nyekundu. Ya tatu, jamani, zikawa za kahawia kabisa. Nje zimeungua, ukivunja katikati bado ngumu. Na ukitafuna kuna utamu fulani wa kijinga, kama mtu kanyunyizia sukari.

Nikapunguza moto, zikawa laini zimelewa mafuta. Nikapandisha, zikawa nyeusi. Nikasafisha fryer mpaka chini. Wapi.

Ikaja Alhamisi moja jioni. Kuna familia huja kila Alhamisi, mama na watoto wake, jirani wa Bi Salma kabisa. Wakarudisha maboksi. Yule mama wala hakugomba, aliuliza tu kwa nini chips chungu.

Bwana Nassor alikuwa pale. Akaangalia chips, akaja mpaka kwenye fryer, akanusa. Akanigeukia mbele ya mama yule, mbele ya watoto, mbele ya vijana waliokuwa wanasubiri oda zao.

"Mafuta mapya unayapeleka wapi? Sisi tunakununulia, wewe unakaangia machafu, mapya unayauza! Mwizi mkubwa we!"

Naapa kwa Mungu sijauza hata tone. Mimi? Mafuta? Nauza kwa nani, nayabeba kwenye mfuko wa suruali?

Nilijitetea, akanikata. Khalas, khalas, yaani yameisha, ndiyo neno lake. Bi Salma hakuwepo.

Ningemeza hilo. Bwana Nassor hanijui, mimi kwake ni mfanyakazi tu. Lakini hakuishia hapo. Alimpigia simu mjomba Shabani, Tanga! Akamwambia kijana wako anatuibia, bitaka yake ya ukaazi ikiisha hatumuwekei nyingine, anarudi kwao.

Asubuhi yake nikakuta voice note ya mjomba. Fupi.

"Athumani, rudisha mafuta ya watu. Usinitie aibu."

Basi. Hakuuliza kitu. Mtu aliyenilea, anayejua nilikuwa namrudishia hata chenji ya njiti ya kiberiti. Niliisikiliza mara nyingi nikidhani labda kuna sehemu sijaisikia vizuri. Nililia wakuu, na sioni haya kusema.

Nilimpigia, hakupokea. Nikampigia mama yangu, yeye alipokea, sauti imepoa, akaniambia tu niwe na adabu ugenini. Kwa hiyo habari ilishafika nyumba nzima.

Nikamfuata Bi Salma. Nikamwambia njoo usimame hapa, mimi namwaga mafuta yote, nafungua dumu jipya mbele yako. Akaja. Nikakaanga. Zikatoka za kahawia vilevile, kwenye mafuta mapya yanayong'aa!

Bwana Nassor akasema nimepandisha moto makusudi. Huyu mzee jamani!

Bi Salma akavunja chips moja, akaitazama ndani, nikaona ameanza kuwaza.

Siku tatu baadaye viazi vya kwenye friji vikatuishia mchana, Bwana Nassor hajarudi sokoni. Oda zinaingia. Nikakumbuka lile gunia tunalolikalia. Nikachambua, vilivyochipua sana na vyenye ukijani nikatupa, vingine nikamenya.

Mkaango wa kwanza unatoka, nikasimama nimeshika kikapu. Dhahabu. Ile ya zamani.

Soko lile lile, siku ile ile ya kununuliwa, magunia yameshonwa uzi ule ule. Mafuta yale yale. Tofauti moja tu, hili halikuingia kwenye baridi.

Gari lilipofika na magunia mapya, nilichukua viazi kadhaa nikavificha kwenye friji la samaki siku chache, vingine nikaviacha chini ya AC. Nikarudia kila kitu upya. Kisha nikawaita wote wawili. Vikapu viwili, fryer moja, dakika zile zile. Kimoja kikatoka kimeshaanza wekundu, kingine safi.

Bi Salma akaonja huku na huku. Akasema, "Hizi zina sukari. Nna hakika mbatata zimegeuka kwa baridi." Akamgeukia kaka yake. "Nassor, wewe ndiye uliyezitia humu."

Mnajua alisema nini? Alifuta mdomo, akasema mbatata za mwaka huu mbaya, akaenda zake garini.

Na siku hizi nikiwa jikoni namsikia akiwaeleza wateja kwamba kiazi hakitaki friji, kwamba yeye aligundua. YEYE. Nashika mwiko wangu nageuza samaki.

Bi Salma alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaniomba radhi. Nikamwambia ahsante Bi Salma, lakini mwizi niliitwa pale nje mbele ya wateja, mlango uko wazi.

Akafungua mlango, akatoka. Sikujua kama nimejifukuzisha kazi kwa mdomo wangu.

Alhamisi honi ya yule jirani ikalia. Bi Salma akachukua boksi mwenyewe, akaniambia nimfuate. Akasema pale dirishani, watoto wanasikia, "Huyu ndiye mpishi wangu. Mafuta yake yalikuwa mazima. Makosa yalikuwa yetu sisi." Yule mama akasema alhamdulillah, akafungua boksi pale pale akala.

Jioni hiyo hiyo Bi Salma akampigia mjomba.

Sasa tunanunua kidogo kidogo, viazi vinakaa stoo, imewekwa AC ndogo, baridi ya kawaida ya chumba. Vikija kutoka sokoni vimeshalala kwenye baridi, tunavilaza nje wiki mbili tatu kabla ya kukaanga, vinapungua sukari. Vichanga nazamisha kwenye ndoo. Wenye vibanda huko nyumbani mnaoanza kununua mafriji, chukueni hilo bure.

Mjomba alinipigia baada ya siku mbili. Salamu ndefu, mvua, ng'ombe, mgonjwa fulani mtaani. Mwisho akakohoa.

"Kwani hivyo viazi vilikuwa vinakaa wapi?"

Nikamwambia, kwenye friji la samaki, mjomba.

Akakohoa tena. Kisha nikamsikia anasema taratibu, "Nilitakiwa nianze na hilo."

Nimemsamehe. Ila ile voice note bado ninayo, kidole kinafika kwenye kufuta kinarudi.

Fundisho nililobaki nalo: kabla hujamwita mtu mwizi, mwulize swali moja tu, hata la kijinga. Mjomba wangu angeniuliza tu viazi vimelala wapi, ningelala.

Haya, uwanja ni wenu. Wakaangaji mnisahihishe, na nyie mliowahi kuhukumiwa na watu wa nyumbani kwa simu ya mtu baki, niambieni mlifanyaje. Mngeifuta hiyo voice note?