Saa ya Mama Kwenye Kompyuta

Mpaka leo sijui nicheke au ninune. Simu ilikuwa mezani, kila ikiwashwa inakwama kwenye nembo. Mwenyewe, dada mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Usinge na mtoto mgongoni, alisimama hapo kibandani kwangu, mtaa wa Ng'ambo, akinitazama mikono.

"Fundi, tafadhali usinifutie. Sauti ya marehemu baba yake huyu imo humo. Mtoto hajawahi kuisikia."

Kuiwasha kwa kufuta kila kitu ni kazi ndogo. Kuiwasha bila kufuta kunataka programu yangu ya ufundi, nayo kila ikifunguliwa lazima ijisajili kwanza mtandaoni. Siku hiyo ikagoma. Ikasema haina muunganisho. Nikaweka bando jipya. Ikasema usajili umekataliwa. Nikaitoa, nikaiweka upya, nikabadilisha hadi waya. Wapi! Nikampigia aliyeniuzia, yuko Dar. "Broo, wenzako wote wanapiga kazi," akanijibu kwa kebehi. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikaanza kuhisi nimeibiwa akaunti.

"Saa ngapi, fundi? Basi lisije likaniacha."

Nikachungulia kompyuta. "Saa saba na robo."

Halafu nikatazama simu yangu. Kumi na tatu na robo. Nikarudi kwenye kompyuta: saba na robo, asubuhi! Asubuhi gani, na adhuhuri watu wameshaswali?

"Nani kagusa saa ya kompyuta?"

Mama yangu, anayeuza vocha pembeni yangu, hakuinua hata kichwa. "Mimi. Ilikuwa inadanganya watu. Saa mbili asubuhi inaandika nane! Nimeiweka ifanane na yangu ya ukutani, inayosema mbili ikiwa mbili."

"Mama, jamani! Mtandao unaona kompyuta imechelewa saa sita, ndiyo maana unaikataa!"

"Shikamoo hujanipa tangu asubuhi, unaniletea kelele."

Nikampa shikamoo yake, nikairudisha saa. Programu ikajisajili hapo hapo, hata haya haina. Kazi ikaanza, na simu ilipowaka kila kitu kilikuwamo.

Yule dada akatafuta, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ikatoka, ina haraka: "Mke wangu, huku mawingu yametanda. Umeanua mahindi?"

Mtoto akainua kichwa mgongoni. Mama yake akaisogeza simu mdomoni.

"Nimeanua," akajibu.