Mjane Aliyezimia Mara Tatu

Juzi nilikuwa steshenari moja hapa Nyamagana, nasubiri kutoa kopi. Dada wa kompyuta alikuwa anamchapia mzee mmoja riwaya aliyoiandika kwa mkono kwenye daftari. Ghafla akaacha kuchapa.

“Samahani, baba. Huyu mjane wako kazimia mara ya tatu sasa. Watoto wanakula nini?”

Mzee akavua miwani. “Binti, amefiwa na mume.”

“Hata mama yangu alifiwa. Simu ya msiba ilimkuta ufukweni, mvua inakuja. Akaanua dagaa wote kwanza, ndipo akakaa mchangani akalia.”

Nilidhani mzee atagomba, kumbe anavuta kiti karibu. “Alipokuwa anaanua, alisema chochote?”

Dada akaondoa mikono kwenye kibodi, akaanza kusimulia.

Sisi waandishi wanaume tunapenda kusema mwanamke haelezeki. Mimi mwenyewe nimeshaliandika hilo humu humu kwenye safu hii, na sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Kopi yangu ilichelewa, sikunung'unika. Nilipotoka, mjane wa kwenye riwaya alikuwa ameshazinduka, yuko ufukweni anakimbizana na mvua.